Dawa Haitajwi

Nianze na la mwisho, maana najua wengine mtasoma mistari miwili muweke pembeni muendelee kukohoa: kifua kikuu kinapona. Nilikuwa nacho, sasa sina. Ukitaka kuishia hapo ishia, mradi kesho asubuhi uende hospitali. Ukitaka kujua ilikuwaje mtu mzima mwenye akili zake akakaribia kufa huku dawa anazo mkononi, endelea, ila usinicheke sana.

Naitwa Zena. Hapa Buzebazeba, Ujiji, wananiita Bi Zena wa Miti, kwa sababu kazi yangu ni mitishamba. Sipigi ramli, sichanji chale, wala sikwambii jirani gani kakuroga. Mtu akiumwa tumbo, akitokwa na vipele, mama mzazi akikaukiwa maziwa, huja barazani kwangu nikampa majani, mizizi au magome. Nikiona jambo limenizidi humwambia aende hospitali. Hilo nilikuwa mwepesi sana kuwaambia wengine.

Kikohozi changu kilianza mvua zinaaga, maharage yameanikwa uani na vumbi linaanza kuamka. Nilijipa mravumba, ule mmea wa harufu kali ambao nyumba nyingi za Waha haziukosi pembeni mwa ukuta. Nikajifukiza, nikanywa, nikapata nafuu ya siku nne. Kikarudi. Nikaongeza kipimo, nikapata nafuu ya siku mbili. Kiangazi kilipokolea nilikuwa naamka shuka limelowa jasho chapachapa, na bangili ya fedha aliyonivisha marehemu mume wangu, ambayo miaka yote haikuwahi kuvuka kiganja, siku moja ilichomoka yenyewe ikaangukia kwenye unga nikikanda chapati. Nikaiokota, nikaifuta, nikaifungia kabatini ili binti yangu asiulize.

Aliuliza. Mwajuma anauza dagaa mwalo wa Kibirizi na mdomo wake kaurithi kwangu. "Mama, mganga hajigangi," akaniambia.

"Hiyo ni methali, si daktari."

"Basi chukua na nyingine. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Nikamwambia aende akageuze dagaa wake kabla hawajaungua jua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Ningekaaje kwenye benchi la hospitali, wagonjwa wangu wakipita wananiona? Na wakati huo wote mjukuu wangu Rahma, mtoto wa miaka minne, alikuwa analala kwenye mkeka wangu na kumalizia chai iliyobaki kwenye kikombe changu. Hilo hata leo likinijia katikati ya sala hunipotezea hesabu ya rakaa.

Lazima niseme nilivyofunzwa kazi, la sivyo hamtaelewa nilikwama wapi.

Mwalimu wangu ni Bibi Skola wa Kidahwe, Muha, Mkatoliki wa rozari shingoni. Nilikwenda kwake mwaka wa tatu wa ndoa yangu, sina mtoto. Nikakaa kutwa nzima nikimweleza habari za kichwa kuuma. Jioni akaniambia, "Mficha uchi hazai, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa Kiha chake. " Sema ulichokuja nacho." Nikasema, nikalia, akanitibu. Alipozaliwa Mwajuma nilimbeba mgongoni mpaka Kidahwe kutoa shukrani, na hapohapo nikaomba anifundishe. Bibi Skola alicheka. "Mswahili wa Ujiji atachimba mizizi na hina zake hizo?" Kisha akanipa jembe.

Ilinichukua miaka saba ya kwenda na kurudi. Mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kubeba kikapu na kuosha mizizi, sikuambiwa hata jina moja. Mwaka wa pili alianza kunifunga macho kwa khanga yangu mwenyewe, ananiwekea jani puani, halafu kipande kidogo ncha ya ulimi. Nikikosea narudi kuosha mizizi. Nilijifunza kwamba mzizi unachimbwa upande mmoja tu na shimo linafukiwa. Kwamba gome linabanduliwa upana wa kiganja, huzungushi mti wote, maana mti uliovuliwa nguo zote haufiki mwakani. Dawa yoyote utakayompa mtu, kwanza unainywa mwenyewe siku tatu. Na kabla hujamkabidhi mgonjwa chochote, unamuuliza: umeshakunywa nini? Akikuficha, unamrudisha nyumbani hata kama amekuja na mbuzi.

La mwisho aliniambia tumekaa kizingitini, miguu yetu yote minne ina udongo. Dawa haitajwi. Si kwa mume, si kwa shoga, si kwa mgonjwa mwenyewe. "Jina likitoka nje, nguvu inalifuata," alisema. Tukaapa, kila mmoja kwa namna ya dini yake, na nikarudi Ujiji nikijihisi nimebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Basi. Siku nilipoona damu kwenye leso sikubishana tena. Mwajuma aliita bajaji, tukaenda.

Benchi la wagonjwa wa kifua liko nje, chini ya bati, upepo upite. Ukikaa pale unaona kipande cha ziwa, na hewa ikiwa safi unaona mpaka milima ya Kongo. Wote tunatazama ziwa ili tusitazamane. Unapewa kikopo, unakwenda nyuma ya ukuta, unakohoa mpaka mbavu zinalia, unarudi umekishika kikopo kwa adabu zote kama mtu aliyebeba yai la kuazima. Hakuna anayezungumza. Siku ile mzee mmoja mvuvi alinisogezea upande wa benchi usio na jua bila kusema neno, na mimi, niliyezoea kupishwa kila mahali, nilitaka kulia kwa jambo dogo kama hilo.

Majibu alinipa Sista Veronika, muuguzi wa pale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Miezi sita, alisema. Kila siku, bila kuruka. Akaongeza kwamba mkojo utakuwa mwekundu na nisiogope. Hilo sikulisikia. Wakati analisema nilikuwa nahesabu kichwani nimekula sahani moja na nani.

Kwa hiyo kesho yake mkojo ulipotoka mwekundu, mimi mtaalamu nikasema kibofu kinavuja damu. Nimesoma mikojo ya watu miaka thelathini! Nikaacha vidonge siku nne, nikajitibu kibofu kisichoumwa. Sista Veronika aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka ghafla. "Bibi," akaniambia, "wewe ni mgonjwa mgumu." Tangu hapo nilimeza mbele ya Mwajuma kila asubuhi, ananitazama koo kama askari wa geti.

Rahma alipimwa. Hakuwa mgonjwa. Alipewa vidonge vyake vidogo vya kumkinga, na akahamishiwa kulala kwa mama yake. Jioni alikuwa anasimama mlangoni kwangu, hapiti kizingiti kama alivyoagizwa.

"Bibi, bado una wadudu?"

"Wamebaki wachache."

"Waambie watoke."

"Nimewaambia. Wabishi."

"Kama wewe," Mwajuma alidakia kutoka jikoni.

Sasa nifike kwenye ujinga wenyewe. Pamoja na vidonge, nilikuwa nakunywa dawa yangu. Mizizi mitatu, naichemsha alfajiri Mwajuma akiwa mwaloni, naiweka kwenye chupa ya chai. Sikuwa na shaka nayo. Nilishainywa mwenyewe siku tatu, miaka ile Kidahwe, kama nilivyofundishwa. Na nitakuwa mkweli kwenu, maana bila ukweli maandishi haya hayana kazi: nilitaka nikipona niweze kusema moyoni kwamba ni miti yangu iliyoniponya, vidonge vilisindikiza tu.

Kila nilipokwenda kliniki Sista Veronika aliuliza, "Unatumia dawa nyingine? Hata za kienyeji?"

"Hakuna."

Sikuona kama ni uongo. Niliona natunza kiapo.

Nyumbani kwetu miezi tunaihesabu kwa giza. Dagaa huvuliwa mwezi usipoonekana, na mbalamwezi ikija wavuvi hupumzika, Mwajuma naye hupumzika. Lilikuwa giza la pili tangu nianze vidonge wakati chakula kilipoanza kunikinai. Harufu ya dagaa kwenye khanga za Mwajuma, harufu iliyonilelea mjukuu, ilinifanya nikimbilie uani. Ngozi iliwasha. Nikasema ni joto, mvua zimekaribia. Asubuhi moja Rahma akanitazama kutoka pale kizingitini, akakunja uso.

"Bibi, macho yako yana mawese."

Mwajuma akaacha ufagio. Alikuja akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akaona weupe wa macho umegeuka manjano.

Nililazwa siku hiyohiyo. Vidonge vikasimamishwa. Daktari alikuwa kijana mpole, anavuta kiti anakaa kabla ya kusema. "Bibi, ini lako limechoka," aliniambia. "Nikikurudishia dawa bila kujua nini kingine kinalichosha, naweza kukupoteza. Nisipokurudishia, kifua kitakumaliza. Nisaidie. Unakunywa nini?"

"Hakuna, mwanangu."

Aliniuliza tena jioni. Na kesho yake mara mbili. Nilikuwa nageukia ukutani. Nilijua nakufa, jamani, msidhani sikujua. Nimewaona watu wa macho yale. Lakini nilipofungua mdomo kutaja, nilimwona Bibi Skola kizingitini na miguu ya udongo, na mdomo ulifungika wenyewe. Nilihisi nikitaja nitakufa na miti yangu itakufa pia, kila mgonjwa niliyewahi kumponya atarudiwa na ugonjwa wake. Mcheke mnaotaka kucheka.

Mwajuma alikuja na ile chupa ya chai. Alikuwa ameifungua. "Hii ni nini?"

"Chai."

"Mama."

"Ni chai, Mwajuma."

"Niambie mimi tu. Mwanao wa pekee. Nitamnong'oneza daktari, wewe hutakuwa umesema." Alikuwa analia bila kujifuta. "Unataka nimwambie Rahma bibi yake kafa kwa ajili ya mizizi?"

Nikageukia ukutani. Aliiweka chupa sakafuni, akaondoka bila kuaga. Katika ugonjwa wote ule, hakuna kilichoniuma kama mgongo wa mwanangu ukitoka mlango wa wodi. Nilijua amekwenda Kibirizi kuuza dagaa kwa hasira. Kumbe alipanda gari la Kidahwe.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa, Bibi Skola akaingia. Kandambili, kikapu, rozari, na barakoa aliyovishwa mlangoni ameishusha chini ya kidevu kama ndevu. Ameishiwa kimo, jicho moja lina mtoto wa jicho, lakini alinijia moja kwa moja kana kwamba ananifuata kwa harufu. Nyuma yake Mwajuma. Nyuma ya Mwajuma, daktari na Sista Veronika, wameitwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ukonde huo umeutoa wapi weye?" Akakaa kitandani bila kuombwa. "Mgonjwa akija kwako unamuuliza nini kwanza?"

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Jibu. Au ugonjwa umekula na masomo?"

"Umeshakunywa nini."

"Ego, ndiyo. Akikuficha?"

"Namrudisha nyumbani."

"Kwa nini unamrudisha, una roho mbaya?"

"Kwa sababu naweza kumuua bila kujua."

Akamnyooshea daktari kidole. "Huyu ni mganga mwenzako. Amekuuliza mara ngapi?"

"Nne."

"Nne! Mimi ningekufukuza ile ya kwanza. Huyu mtoto ana moyo." Kisha akaivuta barakoa juu, ikafunika na jicho, Sista Veronika akamrekebishia.

"Lakini bibi," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya Rahma, "niliapa. Wewe mwenyewe ulisema. Jina likitoka, nguvu inalifuata."

Bibi Skola aliinamisha kichwa. Nikaona mabega yanaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Zena. Nilikwambia hivyo kwa sababu ulikuwa na domo. Ulikuwa unakuja kwangu na habari za soko zima la Ujiji, nani kaachwa, nani kaolewa, mpaka miti inachoka kusikia. Ningekwambia majina hivihivi, wiki moja mji mzima ungekuwa Kidahwe na majembe, wanachimba pande zote. Nilikuwa nailinda miti." Akaacha kucheka. Akanishika mkono, ngozi yake imekauka, ina joto. "Sikuwa nailinda ije ikuzike, mwana wanje."

Nikalia. Mwajuma naye. Daktari akatazama viatu vyake.

"Taja," akasema Bibi Skola.

Sikuweza. Ndipo yeye akautaja wa kwanza, kwa Kiha, waziwazi, mbele ya watu. Nikautaja wa pili. Wa tatu tuliutaja pamoja. Sista Veronika aliandika, akaomba tutaje silabi kwa silabi, na Bibi Skola akamwambia aandike vizuri kwa sababu harudii. Mimi nilikaa nikisubiri kitu kitokee. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba maji.

Majina yale hapa siyaandiki. Si kiapo tena. Ni kwamba wewe unayesoma sijui umeshakunywa nini, na karatasi haiwezi kukuuliza.

Daktari hakusema miti yangu ni sumu, na namshukuru kwa hilo. Alisema hajui inafanya nini ikikutana na vidonge, na kwa kuwa hajui, isikutane. Bibi Skola akasema hata yeye hajui, kwa hiyo wako wawili. Niliacha mizizi. Macho yalianza kutakata taratibu, kwanza pembeni, na vidonge vikarudishwa kimoja kimoja, kila kimoja wakikisubiria siku kadhaa kuona kama ini litakipokea. Siku niliporuhusiwa kurudi nyumbani ilinyesha mvua ya kwanza ya nguvu, tukakwama barazani pa wodi, mimi na Mwajuma chini ya kitenge kimoja. Hatukusemeshana juu ya chupa ya chai. Alinifunga vizuri ncha ya kitenge begani, akaacha mkono wake pale.

Bibi Skola alikaa kwangu wiki mbili. Aligombana na Mwajuma juu ya ugali wa muhogo, kwamba haujasongwa, umebembelezwa. Vidonge vilikuwa vinanichoma nyayo, kila hatua nakanyaga kaa la moto, na jioni alikuwa ananikandia miguu kwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni.

"Umetia nini humu?" nikamuuliza.

"Maji. Nalo nitaje?"

Mambo mengine ya miezi ile ni madogo, lakini nayaandika kwa sababu ndiyo utakayoyashika ukiwa mle ndani. Jirani alizifua khanga zangu zilizoiva rangi kwa jasho la dawa, hakuuliza. Sista Veronika alinitunzia sehemu ya benchi isiyo na jua. Siku moja Mwajuma alichemsha samaki mgebuka kwa mawese, harufu ikanijia nikiwa chumbani, na badala ya kukimbilia uani nikajikuta naamka kuifuata. Nilikula kichwa chote na kulamba vidole mbele ya wageni. Makohozi yalipopimwa tena yakatoka safi, Rahma aliambiwa anaweza kuvuka kizingiti. Hakuvuka. Alisimama palepale, akanyoosha mguu mmoja, akaugusisha sakafu ya ndani kwa kidole gumba, akanitazama kuhakikisha. Ndipo akaja mbio.

Nilirudi barazani maharage ya msimu mpya yakiwa yametoa maua. Nilikuwa nimebadilika, au nilijiona hivyo. Mwenye kikohozi nilimwelekeza hospitali bila kumpa hata mravumba. Kila aliyekuja nilimuuliza ameshakunywa nini, nikaongeza: na vidonge? Mwajuma nilimtajia miti yangu yote, akaiandika kwenye daftari lake kwa mwandiko mbaya. Nikasema somo limeingia.

Sasa habari ya mwisho. Mwenyewe ameniruhusu niisimulie, na juzi kaniletea kikapu cha maharage mabichi, kwa hiyo msimhofie.

Ulikuwa mwezi wa sita wa matibabu, siku ya kuchukua vidonge vyangu vya mwisho. Sista Veronika alinivuta pembeni. "Bi Zena, nikuombe kitu. Yule mama mwenye kitenge cha kijani nimemwomba ruhusa, amekubali ukae naye. Amenikatalia kama ulivyonikatalia wewe."

Mama yule alikuwa mwisho wa benchi, kitenge kimefunika kichwa, uso ameuelekeza ziwani. Nikaketi. Nikaanza kumsimulia haya yote niliyowasimulia ninyi: bangili, mkojo mwekundu, chupa ya chai, Bibi Skola na barakoa yake. Nilisimulia vizuri, najijua. Wengine benchini walicheka. Yeye hakugeuka. Nilipomaliza alisema, "Najua, Bi Zena. Ulipona. Mungu akupe maisha marefu."

Aligeuka, na macho yake yalikuwa na mawese.

Nikamkumbuka. Mama Elia wa Mwandiga. Alikuja kwangu kama miezi miwili nyuma, tumbo linamsumbua, mtoto mgongoni. Nilimuuliza ameshakunywa nini, akajibu vizuri tu: hakuna. Na kweli hakukuwa na kitu, vidonge vya kifua alikuwa hajaanza. Hata kukohoa hakukohoa mbele yangu. Nilimpa mzizi wa kumtosha msimu mzima.

"Mama Elia, unakunywa nini pamoja na vidonge?"

"Hakuna."

"Mimi si polisi. Nimekusimulia yangu yote."

Akaanza kulia kwa kujibana, kitambaa mdomoni. "Niliambiwa nisitaje," alisema. "Niliambiwa nikimtajia mtu haitanisaidia."

"Nani kakwambia?"

Alinishangaa. "Wewe."

Nikataka kukataa. Kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Ninapomkabidhi mtu dawa, nikiwa nafunga fundo la karatasi, kuna maneno hunitoka: kunywa asubuhi na jioni, usimtajie mtu. Miaka thelathini nimeyasema, yanatoka pamoja na bismillahi, hata siyasikii. Mimi nilikwisha kufunguliwa kiapo, na niliporudi barazani nikaendelea kuwafunga nacho watu, mmoja mmoja, kwa uzi wa karatasi ya dawa.

"Sista ameniuliza mara tatu," Mama Elia alisema, akijifuta. "Sikukutaja hata mara moja." Na katika sauti ile ya kuumwa kulikuwa na fahari kidogo, kama mtoto aliyetumwa dukani na kurudi na chenji yote.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamshika mkono, nikamwinua, tukaingia pamoja kwa Sista Veronika, tukaketi viti viwili vinavyogusana. Sista alifungua faili la Mama Elia, akashika kalamu, akamtazama yeye kwanza, kisha mimi.

"Amekunywa dawa yangu," nikasema. "Andika jina la mti nitakalokutajia. Lakini kwanza, juu kabisa, andika aliyempa na kumkataza asiseme. Zena. Buzebazeba."